Kwa Wakubwa Tu

Nchi ninayotaka kuwasimulia habari zake haina jina kwa sasa. Ilikuwa nalo, tena zuri tu, lakini lilichukuliwa na kamati likafanyiwe ukarabati, na kamati yenyewe ikavunjwa kabla haijalirudisha. Wananchi wamezoea. Mtu akiulizwa anatoka wapi hujibu, "Hukuhuku," na mazungumzo yanaendelea.

Katika mji mkuu wa nchi hiyo palikuwa zamani na majumba matatu ya sinema za wakubwa. Wasomaji wenye haya wanisamehe. Mimi naripoti tu. La kwanza liliitwa Zuhura, nyuma ya soko la samaki. La pili liliitwa Kumekucha, ambalo halikuwahi kufunguliwa kabla ya saa nane mchana. La tatu, lililokuwa na wateja wengi kuliko yote, liliitwa Rahatele, na lilikuwa mtaa wa Posta ya Zamani. Leo hakuna hata moja. Zuhura ni ghala la saruji. Kumekucha ni maegesho ya magari ya wizara. Rahatele lilibomolewa, kisha kifusi chake nacho kikabomolewa kwa usalama zaidi, na kiwanjani serikali ikasimamisha kibao: HAPA HAPAKUWA NA KITU.

Mtu pekee aliyekuwa akisimama mbele ya kibao hicho mpaka jua likamchoma utosi alikuwa Mzee Ngwali Mshamu. Alikuwa na miaka sabini na mmoja. Ujana wake wote aliumalizia juu ya Rahatele, katika chumba cha mtambo wa picha, akichungulia ukumbi kupitia tundu lililotosha jicho moja.

Picha zenyewe, kusema haki, hazikuwa na kitu. Kila filamu iliyoingia nchini ilipitia Bodi ya Maadili, na wajumbe waliitazama mara tatu: mara ya kwanza kujua kama ni mbaya, mara ya pili kujua ni mbaya kiasi gani, na mara ya tatu kwa ajili ya wajumbe waliochelewa. Kisha kila kipande kibaya kilikatwa kwa mkasi na kuhifadhiwa nyumbani kwa mwenyekiti, kwa usalama wa taifa. Kilichobaki ndicho Ngwali alichokionyesha. Mwanamke anafungua mlango, mwanamume anavua koti, halafu ghafla ni asubuhi na wote wawili wanakunywa chai. Saa nzima ya watu kunywa chai. Na ukumbi ulijaa! Wanaume wazima walikaa gizani wakiikodolea macho ile chai, kwa sababu walijua imetanguliwa na nini.

Chini, kwenye kidirisha cha tiketi, alikaa mke wa Ngwali, jina lake Siwema. Naye alikuwa na ugonjwa mmoja usiotibika: alilelewa vizuri. Kwao alifundishwa kwamba mtu aliyekuzidi umri hapiti mbele yako bila kuamkiwa, na hakuna aliyemwambia kwamba mafunzo hayo yana mipaka. Mteja alikuja amejikunyata, kofia imeshuka mpaka puani, anaomba Mungu asionwe hata na paka, na Siwema huyo, kwa sauti inayofika ng'ambo ya barabara: "Shikamoo mzee! Habari za nyumbani? Mama watoto hajambo? Mguu wake umepona?" Mteja alijibu "marahaba" akiuma meno, akachukua tiketi na kukimbilia gizani.

Mmoja aliwahi kumnong'oneza, "Dada, mimi si huyo unayemdhani."

"Si wewe vipi," Siwema akasema, "na juzi umesahau mwavuli?"

Ngwali, kule juu, alikuwa akimsikia na kucheka peke yake mpaka picha inayumba ukutani. Alimpenda sana mke wake, na nalisema hili wazi mapema, kwa sababu ndilo litakalomponza.

*

Siku ya Operesheni Safisha Macho ilikuwa Alhamisi, saa tisa alasiri. Serikali iligundua ghafla kwamba majumba hayo yapo, baada ya miaka kumi na saba ya kuyatoza ushuru. Malori matatu yalisimama mbele ya Rahatele. Akashuka Afisa Mkuu wa Maadili, kijana wa miaka hamsini na minne, akifuatwa na askari, waandishi wa habari, na akina mama wa chama waliobeba fagio mpya. Afisa Mkuu akatengeneza tai yake, akapanda ngazi, akanyoosha kidole kuelekea kidirishani ili apigwe picha.

Siwema akatoa kichwa.

"Shikamoo mzee! Leo umekuja na wenzio? Karibuni. Kile kiti chako cha nyuma nimekuwekea, kama Alhamisi zote."

Ngwali aliisikia sauti hiyo ikipanda mpaka kwenye mtambo. Kisha akausikia ukimya wa watu wengi pamoja. Alipochungulia dirishani aliona mke wake akipandishwa lori la katikati, na bado alikuwa akigeukageuka kuwauliza askari hali zao.

Yeye hakukamatwa. Mlangoni kwake paliandikwa HATARI: UMEME, na askari wa nchi ile hutii maandishi. Walisimama nje, wakasoma mara mbili, wakaondoka. Ngwali aliposhuka mbio ngazi zote, mtaani palibaki fagio tu.

*

Ipo ofisi katika nchi hiyo inaitwa Idara ya Waliopo na Wasiopo. Kila Jumanne ya kwanza ya mwezi Ngwali alipanga foleni pale, na kila Jumanne ya kwanza alijibiwa kutoka kwenye kadi ileile.

"Siwema binti Haji. Hayupo kwa muda."

"Muda gani, mwanangu? Mwaka wa thelathini na nne huu."

"Si ndiyo muda wenyewe, mzee."

"Basi niambieni amekufa. Niambieni na alipozikwa, nikamsomee hata dua. Siombi kingine."

"Hatuwezi kumuua mtu asiyekuwepo. Wa nyuma yake!"

Hilo ndilo lililokuwa likimla Mzee Ngwali, na hakukuwa na jingine. Hakutaka haki, haki aliiacha kwa wenye umri wa kuisubiri. Alitaka kuonyeshwa mahali, aseme, ni hapa. Watu wengine wote wana mahali pa kwenda na huzuni yao, yeye alikuwa akienda nayo dirisha namba nne.

Katika miaka hiyo Afisa Mkuu wa Maadili akawa waziri, kisha makamu, kisha akabaki peke yake. Kwa kuwa hakupenda makuu, alijiita Baba Mkubwa. Amri yake ya kwanza ilihusu kamusi. Haikumpendeza kwamba muuza nyanya naye, kwa kutimiza tu miaka kadhaa, aitwe mkubwa. Baraza la Maneno likakaa siku tisa na kutangaza kwamba tangu hapo neno "mkubwa" lina maana moja, nayo ni kiongozi. Raia wengine wote waliozidi miaka kumi na minane waliandikwa kwenye vitambulisho "mtoto aliyekomaa". Ngwali, mwenye mvi hata kwenye nyusi, alikuwa mtoto aliyekomaa namba 40776. Kamusi za zamani zilichomwa uwanjani, na watu wakaota moto, kwa kuwa ulikuwa mwezi wa Julai.

Kikakua kizazi kizima kisichojua kwamba mtu anaweza kuwa mkubwa bila kuteuliwa.

*

Wa kizazi hicho alikuwa Dakta Fumbwe, Mkurugenzi katika Wizara ya Kumbukumbu na Usahaulifu. Alikuwa msomi wa kweli, aliyeandika kurasa mia saba kuhusu umuhimu wa ufupi. Siku moja, akipekua kasha la picha kuukuu, akakuta picha ya jengo asilolijua. Juu ya mlango paliandikwa kwa herufi nene: RAHATELE. KWA WAKUBWA TU.

Dakta Fumbwe alikaa chini. Akafunga mlango wa ofisi. Akapekua magazeti ya zamani na kukuta matangazo zaidi: Zuhura, leo saa tisa, kwa wakubwa tu; Kumekucha, picha mpya, kwa wakubwa tu, watoto hawaruhusiwi. Palikuwa na majumba matatu ya siri ambamo viongozi peke yao walikutana mchana kweupe, na taifa limeyasahau! Akaenda kiwanjani, akasoma kile kibao cha HAPA HAPAKUWA NA KITU, na mashaka yake yote yakaisha. Serikali isingehangaika kuandika hivyo mahali ambapo kweli hapakuwa na kitu.

Akauliza kama yupo aliye hai aliyefanya kazi humo. Idara ya Waliopo ikamletea jina moja.

Ngwali alipopata barua ya wito alivaa suruali mbili, akijua kwamba rumande moja huibwa. Alishangaa kupewa kiti. Akashangaa zaidi kuletewa kikombe.

"Chai, mzee wangu?"

"Ahsante, mheshimiwa. Chai nimeitazama ya kutosha."

Dakta Fumbwe akafungua daftari. "Tuambie bila woga. Wakubwa walikuwa wakija pale?"

"Walikuja, mheshimiwa."

"Wengi?"

"Jumapili viti havikutosha."

"Walikuja kwa fahari, na ving'ora?"

"Hata. Walikuja kimyakimya, kofia puani. Wengine waliingilia mlango wa uani, kwenye mapipa ya taka."

Dakta akaandika: Unyenyekevu. "Wakishakaa, walijadili nini?"

"Hakuna aliyesema na mwenziwe. Kila mmoja na kiti chake, na kati ya mtu na mtu waliacha kiti kitupu."

Akaandika: Nidhamu. Kiti kimoja kiliachwa wazi kwa ajili ya mwananchi. "Na picha zenyewe. Zilihusu nini hasa?"

Ngwali alikuwa amekula kiapo mlangoni, na kiapo alikiogopa. "Mheshimiwa, nisikufiche. Zilikuwa picha za watu watupu."

"Watu watupu," Dakta akarudia polepole. "Yaani wanyonge. Watu wasio na kitu."

"Kitu hawakuwa nacho kabisa."

"Hata nguo?"

"Hata nguo, mheshimiwa."

Machozi yakamlengalenga msomi yule. "Unasikia, karani? Wakubwa wetu! Walijifungia gizani, na joto lote lile, wakawatazama wanyonge wasio na hata nguo mwilini. Walijisikiaje, mzee?"

"Walipumua kwa taabu."

"Kwa uchungu!"

"Wengine walitoka kabla haijaisha. Walishindwa kuvumilia."

Karani naye alikuwa akilia. Ngwali akawatazama wote wawili, akaona huruma. Pale angeweza kunyamaza akarudi nyumbani, lakini alikuwa mume wa Siwema na kidogo tabia zake zilimwambukiza.

"Mwanangu," akasema, "nafikiri hapa pana neno moja mmelikosea. Hilo neno wakubwa, zamani..."

"Subiri, mzee wangu, nisije nikasahau." Dakta Fumbwe alikuwa bado akiandika. "Nyinyi wote mliohudumu pale mtatangazwa mashujaa. Aliye hai atakaa kiti cha mbele. Aliyekufa, kaburi lake litatafutwa popote lilipo, naye atazikwa upya kwa mizinga. Ndiyo, ulikuwa unasema? Neno gani?"

Ngwali akakivuta kile kikombe cha chai karibu yake.

"Mke wangu alikaa kidirishani," akasema. "Siwema binti Haji. Aliwapokea wakubwa wote yeye mwenyewe."

"Na hilo neno?"

"Neno lipo sawa, mheshimiwa. Wewe umelipatia."

*

Basi taifa likapata historia. Baba Mkubwa, alipoletewa ripoti, aliwatoa watu wote chumbani. Alikuwa mmoja wa wazee wachache nchini waliokumbuka maana ya maandishi yale, na wasaidizi walioweka masikio mlangoni wanasema alicheka mpaka akaomba maji. Kisha akatoka, uso umemkaa sawasawa, akatamka kwa sauti ya kishindo: "Ni kweli. Mimi nilikuwa nikienda kila Alhamisi."

Kazi ikaanza siku ileile. Rahatele likajengwa upya kwa marumaru, likawa refu mara nne. Kiti cha nyuma cha Baba Mkubwa kikachongwa kwa shaba. Wanafunzi walipelekwa kwa mabasi, wakaketi gizani dakika tano wakipumua kwa taabu, kwa mafunzo. Ikatangazwa Siku ya Kofia Puani, na wafanyakazi wote wa serikali wakagongana kwenye korido.

Wakubwa wakaanza kushindana. Watu waliokuwa wameapa ujana wao wote kwamba mtaa ule hawaujui hata kwa jina, sasa walileta mashahidi. Waziri wa Maji alisema yeye alikwenda mara mbili kwa wiki. Waziri wa Ardhi akasema mara mbili ni za wavivu. Mke wa Spika alisimama kwenye mkutano wa hadhara, akaeleza kwa majivuno jinsi mumewe alivyokuwa haonekani nyumbani siku nzima, tena alirudi amechoka, hataki hata kuguswa, kwa kulibeba taifa. Watu wakampigia vigelegele.

Ngwali akawa mtu wa kukaa mbele. Alivishwa koti la kijani, akasimamishwa kila mahali kueleza habari za viti vitupu na kofia. Alieleza. Alidanganya kwa juhudi, kama kibarua anayelipwa kwa tofali, na kila alipomaliza alimvuta Dakta Fumbwe mkono.

"Mwanangu, habari za Siwema?"

"Faili linatafutwa, mzee wangu."

Nami naomba nimtetee hapa Dakta Fumbwe, maana wengi wanamlaumu. Alilitafuta kweli. Alishuka mwenyewe kwenye ghala la Operesheni Safisha Macho, akapiga chafya siku sita, na ya saba akalipata. Faili la Siwema lilikuwa na karatasi moja tu, isiyo na tarehe wala mahali, ila mstari mmoja ulioandikwa kwa mkono ambao kila mtoto aliyekomaa nchini anaujua, kwa kuwa sahihi yake imo kwenye vitambulisho vyote: "Huyu asiamkie mtu tena."

Dakta aliisoma karatasi ile akiwa amesimama. Akaisoma akiwa amekaa. Kisha, kwa kuwa alikuwa msomi, akaila.

*

Lakini tatizo lilibaki. Shujaa wa taifa alikuwa amekufa, tena amekufa mikononi mwa mtu, na sherehe ya kumzika upya ilikwishatangazwa. Raia wangeuliza aliuawa na nani. Kamati ya watu kumi na mmoja ikaundwa kutafuta jibu lisilomgusa mtu yeyote mwenye cheo. Orodha ya wasio na vyeo waliokuwepo siku ile ilikuwa na jina moja.

Ngwali aliitwa akidhani anaitwa mazishini. Alivaa lile koti la kijani.

"Mzee," akasema mwenyekiti wa kamati, "siku wasaliti walipolivamia Rahatele, shujaa Siwema alichukuliwa. Wewe ulikuwa wapi?"

"Juu, kwenye mtambo."

"Kwa nini hukuchukuliwa?"

"Mlangoni pangu paliandikwa Hatari."

Wajumbe wakatazamana. Mmoja akarudia neno lile polepole, hatari, na karani akalipigia mstari. Mtu aliyeandikwa hatari mlangoni kwake mwenyewe! Kamati haikuhitaji kikao cha pili. Koti la kijani likavuliwa palepale, kwa kuwa lilikuwa mali ya serikali.

Siku ya tatu ya rumande, adhuhuri, Dakta Fumbwe alikwenda kumwona. Alimletea machungwa mawili. Hakuweza kumtazama machoni, na hilo nalo liandikwe kwa upande wake.

"Mzee wangu, kiri tu. Ukikataa, kesi itakwenda miaka, na wewe huna miaka."

"Nikiri kwamba nimemuua Siwema?"

"Ni maneno tu."

"Mwanangu, nimekula naye sahani moja miaka sita. Nilikuwa nikimchambulia miiba ya samaki."

Dakta aliyazungusha yale machungwa. Halafu akasema jambo ambalo alilisema, nadhani, kwa kutaka kusaidia. "Iko Kanuni ya Kumi na Nne. Muuaji akikiri, siku inayofuata hupelekwa na serikali mahali alipomzika marehemu, akapaonyeshe kwa kidole mbele ya mashahidi."

Ngwali akainua uso.

"Nikikiri nitapelekwa alipo?"

"Kwa gari la serikali."

"Kesho?"

"Kesho asubuhi."

Nimeambiwa kwamba hakuna mtu katika historia ya rumande ile aliyewahi kuomba kalamu kwa haraka namna hiyo. Alikiri kwa maandishi, akakiri kwa mdomo, na askari walipochelewa kuleta wino akakiri tena. Siku iliyofuata aliamka kabla ya wote, akaoga kwa maji ya kopo, akakaa kitandani akisubiri, na mwenzake wa chumba anasema alikuwa anatabasamu.

*

Walimpeleka Shamba la Serikali Namba Tisa, nje ya mji, ambako hakujawahi kulimwa kitu. Turubai kubwa la kivuli lilikuwa limefungwa. Baba Mkubwa, mwenye miaka themanini na minane sasa, aliketi kwenye kiti chenye mito, ametangulia kuhuzunika kwa ajili ya taifa zima. Bendi ya jeshi ilikuwepo. Jeneza lilikuwepo, limefunikwa bendera. Kilichokosekana ni marehemu tu.

Ngwali aliteremshwa na pingu zake. Akatazama ile ardhi yote, nyasi kavu mpaka macho yanapochoka, akamgeukia Dakta Fumbwe.

"Wapi?" akanong'ona.

"Wapi nini, mzee wangu?"

"Alipo."

"Lakini wewe ndiye unayeonyesha."

"Najua. Ninyooshe wapi? Niambie nisikosee, watu wanatazama."

Dakta Fumbwe aliinama kana kwamba anafunga kamba ya kiatu. "Onyesha popote," akasema. "Sisi hatujui. Hawakuandika. Waliokamatwa waliletwa huku, ndilo tunalojua, na hata hilo dereva mmoja alilisema akiwa amelewa."

Ngwali akaketi palepale kwenye nyasi. Alikuwa amejiuza mara mbili, mara ya kwanza kwa kumsifu aliyemuua mkewe, na mara ya pili kwa kujitia muuaji yeye mwenyewe, na mara zote mbili walimlipa kwa kitu wasichokuwa nacho. Aliumia kuliko siku ya lori. Siku ile angalau alimwona akipanda.

"Mshtakiwa aonyeshe!" ikaamriwa.

Mzee Ngwali akajiinua. Akanyanyua mikono yote miwili, kwa kuwa pingu haziruhusu mmoja, akanyoosha kidole moja kwa moja kwenye kiti cha Baba Mkubwa.

Watu wakaanza kusogea nyuma. Lakini Kanuni ya Kumi na Nne haina kipengele cha kidole kuelekea pabaya. Inasema tu: palipoonyeshwa pachimbwe. Baba Mkubwa akaombwa kwa heshima zote asogee, kiti kikabebwa, turubai likahamishwa, na wachimbaji wakaanza. Kimo cha goti hakijafika, majembe yakagonga mfupa.

Bendi ikaanza wimbo wa maombolezo. Daktari wa serikali akaingia shimoni, akapima, akatoka akitikisa kichwa. Aliyelala mle alikuwa mwanamume, tena mrefu sana.

"Mshtakiwa aonyeshe sawasawa!"

Ngwali akanyoosha tena, na tena kidole kikaelekea alipoketi Baba Mkubwa, huko alikohamia. Wakamhamisha, wakachimba, na mtu alikuwepo. Wakamhamishia upande wa magharibi, chini ya mti wa miiba. Kidole kikamfuata. Pale walikuwepo wawili, wamefungwa mkono mmoja kwa mmoja. Kiti kikapelekwa huku, kikapelekwa kule, mbebaji mmoja akazirai kwa jua, na kila kilipotua kidole kilikuwa kimeshafika, na kila kidole kilipofika palikuwa na mtu. Wanabendi waliishiwa nyimbo wakarudia wa kwanza. Ilipofika alasiri walikuwa wameshafukua arobaini na mmoja, na Baba Mkubwa alikuwa amesimama juu ya kipande kidogo cha ardhi kati ya mashimo, ameinua kanzu, akiangalia chini kwa mara ya kwanza katika utawala wake. Wakambeba mgongoni mpaka kwenye gari.

Hakuna aliyeweza kusema yupi kati yao ni Siwema. Jeneza lilirudishwa ghalani.

*

Serikali ile haishindwi na hesabu. Kesi ya mauaji ya mtu mmoja ikarekebishwa ikawa kesi ya mauaji ya watu arobaini na mmoja, mshtakiwa yuleyule. Aliyeonyesha walipo wote amejulia wapi, kama si yeye aliyewaweka? Magazeti yalimwita mnyama. Mke wa Spika alisema alimshuku tangu siku ya kwanza, kwa jinsi anavyotazama kwa jicho moja.

Mahakamani palijaa. Hakimu alisoma mashtaka kuanzia asubuhi, na kwa kuwa hakuna jina lililojulikana, alisoma, "Mtu, wa kwanza. Mtu, wa pili. Mtu, wa tatu," mpaka koo likamkauka. Alipomaliza, Ngwali aliomba kuuliza swali.

"Mheshimiwa, Siwema binti Haji yumo humo?"

"Mahakama haijui majina."

"Anaweza kuwemo?"

"Anaweza kuwemo, anaweza asiwemo. Hilo si suala lililo mbele yetu. Wewe uliwaua wangapi kati yao? Wakili wako anashauri ukiri mmoja, ili upunguziwe adhabu."

Wakili akamvuta shati. Dakta Fumbwe, aliyekaa nyuma kabisa, akainamisha kichwa. Ngwali alisimama akishika ukingo wa kizimba.

"Nikikiri mmoja, hao wengine watakwenda wapi?"

Hakimu akatazama karatasi zake. "Wasio na kesi watarudishwa walikotoka. Wenye kesi watazikwa na mahakama, pamoja na mshtakiwa hukumu ikishatekelezwa. Viwanja vya jela vinatosha."

"Wote pamoja?"

"Shimo moja. Ni utaratibu."

"Basi andika wote, mheshimiwa."

"Arobaini na mmoja?"

"Usimwache hata mmoja nje."

Karani wa mahakama akavuta fomu, akachovya kalamu. Alikuwa binti mdogo, wa kazi yake ya kwanza, na alitaka kila kisanduku kijazwe. "Hapa wanauliza uhusiano wako na marehemu, mzee," akasema. "Niandike nini?"

"Andika ni wangu," akasema Ngwali. "Wote ni wangu."